Faini ya Baba Krismasi

Wazee wa ukoo wamenitumia ujumbe kwamba nitoe jogoo mmoja na kokwa nane za kola, kisha nikamwombe radhi Baba Krismasi. Mmesikia vizuri. Mimi Uzoamaka, mjane wa Ilozue, niliyewafundisha watoto wa mji huu wa Amaubili ishara ya msalaba kwa miaka ishirini na mmoja, nimpigie magoti kijana aliyebandika pamba kidevuni. Nimewajibu kwamba jogoo ninaye, yuko uani anawika, na siku yake ikifika atapikwa humu humu kwangu na nitamla mwenyewe. Anayemtaka aje amtoe sufuriani.

Lakini sasa kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka. Wapo waliofika hadi kusema nilimng'oa mtu jino. Basi acha niiseme mwenyewe.

Binti yangu Adaugo alifariki tarehe tisa Novemba, katika hospitali moja huko Enugu. Figo ndizo zilizomuua. Ameacha mtoto mmoja, Somkene, wa miaka saba, ambaye anakaa kwangu tangu mama yake alipolazwa Septemba. Sasa, hapa kwetu hatuziki mtu majuma ya Krismasi. Ni sheria ya mji. Watu wanarudi kutoka Lagos na Abuja na magari yao, wanataka kula wali na kutazama vinyago vikicheza, hawataki kuombolezewa masikioni. Na kwa kuwa maandalizi ya mazishi kwetu huchukua majuma mengi, yakiangukia Krismasi maiti hubaki chumba cha baridi mpaka Januari. Mazishi ya Adaugo yakapangwa tarehe sita.

Na mtoto je? Tulikaa kikao, mimi, baba yake na wazee wawili, tukakubaliana asiambiwe mpaka sikukuu ipite. Ndivyo tulivyozoea kuwafanyia watoto. Nikapewa mimi kazi ya kuzungumza naye. Nilimkalisha mapajani nikamwambia, "Mama bado yuko hospitali, mjukuu wangu. Tuzidi kumwombea." Kisha nikaingia jikoni nikalia, na aliponiuliza nikamwambia ni moshi wa kuni. Sikuona ubaya wowote. Nilijiambia sijadanganya, nimechelewesha tu.

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Majilio, watoto wangu wa mafundisho hujenga hori kando ya mlango mkubwa wa kanisa. Wanaliezeka kwa makuti ya mchikichi, wanaweka ng'ombe wa udongo aliyekatika sikio, na kitanda cha Mtoto Yesu kinaanza kikiwa ubao mtupu. Mtoto akisali, au akifanya jambo jema, analeta jani moja kavu analilaza pale, ili Krismasi ikifika Yesu apate pahali laini. Hilo nililianzisha mimi, na nilijivunia.

Mwaka huu Somkene aliwapita wote. Jani asubuhi akienda shule, jani akirudi, jani jioni baada ya kuchota maji. Wiki ya pili alikuwa amejaza nusu ya kitanda peke yake.

"Bibi, Yesu akilala vizuri, atamponya Mama?"

"Wewe sali tu."

"Nasali. Lakini atamponya?"

"Mungu anasikia, Somkene. Maliza uji wako."

Wiki ya tatu ndipo aliporudi Chifu Anieze. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, tumekua naye akiwa hana hata kandambili, leo ana kiwanda cha biskuti Lagos na ndiye aliyeezeka kanisa letu upya. Kwa hiyo akikohoa, Padre anamletea maji. Alikuja na lori na mafundi, wakasimamisha mbele ya kanisa kibanda kikubwa cha plaiwudi, wakakipaka rangi nyekundu, wakakibandika pamba juu kana kwamba ni theluji, nasi tuko katika upepo wa Desemba unaotia vumbi mpaka kwenye kope. Mlangoni wakaweka mnyama wa mbao mwenye pembe za matawi. Juu bango: HERI YA MSIMU. Pande zote picha za biskuti.

Nikamuuliza fundi, "Msimu gani huu? Msimu wa viazi vikuu?"

Akacheka. "Mama, biskuti zinauzwa mpaka kaskazini kwa Waislamu. Chifu hataki bango lenye dini. Zinapigwa picha za matangazo hapa."

Na hori? Hori walilikuta mahali walipopataka, wakalibeba wakalitupa nyuma ya kanisa, pembeni ya jenereta. Nilimkuta Yesu wangu wa plasta kwenye ndoo. Nilipanda ngazi za nyumba ya Padre nikihema.

Padre Anselm ni kijana mwema lakini uti wake wa mgongo ni wa ugali. "Mwalimu, keti kwanza," akasema.

"Siketi. Padre, huyu mzee wa pamba alizaliwa lini? Alimfia nani?"

"Mwalimu, ukifuatilia asili yake utakuta ni Mtakatifu Nikola. Askofu kabisa."

"Askofu? Msalaba wake uko wapi? Kofia yake imeandikwa biskuti!"

"Punguza ukali, Mama. Watoto watafurahi kidogo pale, kisha watapita horini."

"Watapita nyuma ya jenereta?"

Akaangalia saa yake. Nikajua habari imekwisha.

Tarehe ishirini na nne, baada ya chakula cha mchana, mji mzima ulijaa mbele ya kanisa. Mimi nilikaa na hori langu kule nyuma. Jenereta lile la Chifu linaunguruma hivi kwamba mtu akitaka kukuambia jambo lazima apige kelele. Walikuja watoto wanne. Mmoja alikuja kukojoa. Nilikaa pale, moshi wa dizeli unanijaa puani, nikiwasikia wanangu niliowafundisha nyimbo zote za kuzaliwa kwa Bwana wakiimba wimbo wa biskuti, na moyo ulinichemka kama maharage.

Mara Somkene akatokea. Amevaa gauni lake jipya la Krismasi, uso unang'aa. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Septemba. Akachuchumaa kando ya hori, akaanza kuzoa majani.

"Unafanya nini?" nikampigia kelele.

"Nachukua majani yangu!"

"Hayo ni ya Yesu!"

"Niliyaleta mimi! Nampelekea yule mnyama wa Baba Krismasi, hana chochote cha kula!"

"Somkene, rudisha!"

Akanisogelea, akaweka mdomo sikioni mwangu. "Bibi, Baba Krismasi amekubali. Nimemwambia amlete Mama kutoka hospitali. Amesema Mwaka Mpya Mama atakuwa nyumbani. Nimemwomba mara moja tu, Bibi. Yesu nimemwomba kila siku, hajanijibu hata neno moja."

Akaondoka anakimbia na majani kifuani. Mengine yakawa yanadondoka njiani, hata hakugeuka.

Sitasema uongo kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Damu ilinipanda kichwani nikainuka na magoti yangu haya mabovu, nikaenda. Yaani mwanangu yuko kwenye barafu Enugu, na mtu amekaa kwenye kiti chekundu anagawa ahadi ya kumrudisha, pamoja na pakiti ya biskuti!

Pale mlangoni palikuwa na wasichana wa Chifu, sare zao nyekundu.

"Mama, kuna foleni!"

"Foleni ya kwenda wapi, mbinguni?"

"Mama, ni zamu ya watoto!"

"Nami nilikuwa mtoto. Pisha."

Nikaingia. Amekaa pale, tumbo la mto, ndevu za pamba, na juu ya uso wake wote ameweka sura ya plastiki, nyekundu mashavuni, inayocheka cheko moja tu. Akaniona akanyanyua mikono. "Karibu, Mama! Je, mwaka huu umekuwa mtoto mzuri?"

Hapa ndipo inabidi mnielewe. Kwetu, kinyago hakina mtu ndani. Kimetoka ardhini, kwenye tundu la sisimizi, ni mhenga aliyerudi kututazama. Hivyo ndivyo tunavyosema, na sisi wanawake ndio tunaosema kwa sauti kubwa kuliko wote. Miaka thelathini nilimwona marehemu mume wangu akicheza ndani ya majani na vitambaa, nikitambua kisigino chake kilichopasuka, kisigino nilichokipaka mafuta mwenyewe jana yake, nami nikapiga yowe na kukimbia kama wenzangu. Mwanamke hajui. Hata akijua, hajui. Na kumvua aliyefunika uso ni jambo ambalo hapa halina hata jina zuri la kulitaja.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niliishika ile sura ya plastiki kwa kidevu chake nikaivuta. Ikakatika mpira, ikaja na ndevu zote.

Nilitarajia watu watashangaa. Wanawake walipiga yowe wakawafunika watoto macho! Mama Obiefuna, ambaye ana shahada ya chuo kikuu, alijitupa chini akajifunika uso kwa khanga. Vijana wakakimbia. Mtu mmoja akamwaga sufuria ya wali.

"Amevua kinyago!" Huyo ni Okwudili, mkuu wa vinyago wa mji, anakuja mbio ameshika fimbo yake. "Mwanamke amevua kinyago mchana!"

"Kinyago gani?" Chifu Anieze akafoka. "Hili ni tangazo la biashara! Zima kamera! Nani amesema ni kinyago?"

"Amefunika uso asio wake kwenye ardhi ya mji, watoto wanamwogopa, watu wanampa heshima. Hicho kwetu ni nini, Chifu?"

"Jamani, jamani," Padre akaingia kati. "Huyu ni mtakatifu. Nimeeleza Jumapili."

Wanaume watatu, wamesimama mlangoni pa kanisa la Mungu siku ya mkesha, wanagombania huyu bwana ni wa nani, na hakuna hata mmoja aliyemtaja aliyezaliwa. Niliwaacha. Mimi nilikuwa na shida na yule aliye kitini.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jasho linamtiririka, ana alama nyekundu usoni pale mpira ulipombana. Ananitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji.

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe ni Mkristo wa wapi, unayeweza kumwambia mtoto uongo kama ule?"

"Mimi hata si Mkristo, Mama. Naitwa Momodu, natoka Auchi. Nimeajiriwa kwa siku tatu."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Nami hasira ikazidi kunipanda.

"Mwislamu, Mkristo, sijali! Mjukuu wangu amekaa mapajani pako, msichana wa gauni la njano, akakuomba mama yake. Ukamwambia atarudi Mwaka Mpya. Nani alikupa mamlaka hayo? Unajua mama yake yuko wapi?"

"Hospitali," akasema.

"Eti nini?"

"Mtoto aliniambia mama yake yuko hospitali, Mama. Mtu akiwa hospitali tunasema atapona, atarudi. Hata kwetu tunasema hivyo. Ningesema nini?" Akajifuta jasho kwa mkono wa lile koti jekundu. Kisha akaniuliza, taratibu, bila ubishi wowote, "Kwani nani alimwambia yuko hospitali?"

Mji mzima unajua Adaugo amekufa. Mabango ya mazishi yake tayari yamechapwa, yamefichwa chini ya kitanda changu. Okwudili anajua, Chifu anajua, Padre ndiye aliyeandika tarehe. Kila mtu pale kibandani akaanza kutazama viatu vyake. Nami nilikuwa nimesimama katikati nimeshika uso wa mtu mwingine mkononi.

Nikamwona Somkene. Alikuwa kando ya yule mnyama wa mbao, majani yangali kifuani, mengine amekwisha kumwekea mdomoni. Hakuna aliyekumbuka kumfunika macho.

"Bibi, huyu ni mtu?"

"Ni mtu."

"Basi nani atamleta Mama?"

Nilimshika mkono tukaondoka. Sikujua ninampeleka wapi, miguu ilinipeleka nilikotoka, nyuma ya kanisa. Nilikuwa bado na hasira, lakini sasa sikujua niiweke wapi. Nikachuchumaa mbele yake kando ya hori, nikamwambia. Hakusikia. Jenereta lile lilikuwa linaunguruma. Nikarudia, hakusikia, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Ikabidi nipige kelele. Neno lile nililolificha majuma sita, ambalo nilitaka kumwambia usiku mmoja nimemkumbatia, nimemwandalia maziwa, nililitoa kwa kelele kama muuza samaki.

"Mama yako amekufa! Somkene, Mama amekufa!"

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Lini?"

"Novemba!"

"Kabla ya hori?"

"Kabla ya hori!"

"Nilipokuwa naleta majani, alikuwa amekufa?"

"Ndiyo!"

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua!"

Akatazama ule ubao. "Na Yesu alijua?"

Miaka ishirini na mmoja nafundisha watoto, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nilimjibu ukweli, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. "Alijua! Lakini kukwambia ilikuwa kazi yangu!"

Kisha akayakunja majani yake ndani ya gauni, yote, akatembea kwenda nyumbani mbele yangu, hatua kama kumi, na kila nilipoongeza mwendo naye akaongeza.

Sasa wananidai jogoo. Okwudili amewashawishi wazee kwamba Baba Krismasi, kwa kuwa amesimama kwenye ardhi yetu amefunika uso, ni kinyago, na nimekivunjia heshima. Chifu naye ameunga mkono, maana tangazo lake limeharibika. Padre amesema ni mambo ya mila, yeye hayaingilii. Wamepatana wote watatu mwishowe, kwa sababu yangu.

Yule Momodu mwenyewe alikuja kwangu siku ya pili ya Krismasi, hana ndevu wala tumbo, amevaa fulana. Alikaa kwenye benchi akanipa pole ya msiba. Akamwomba Somkene msamaha, mtu mzima yule, akainama kabisa: "Nilikwambia jambo nisilolijua. Nisamehe." Somkene akamletea kikombe cha maji. Hakudai jogoo. Hata habari za jogoo alizisikia kwangu, akasema, "Mama, mimi kuku nitampeleka wapi, nasafiri kesho."

Mimi sijaweza kuinama vile. Nimejaribu mara mbili. Somkene ananiitikia salamu, anakula, anachota maji. Jioni nikianza sala anakaa nami amefumba mdomo, ananitazama tu midomo ninavyoisogeza.

Na asubuhi ile ya Krismasi, kabla ya misa, nilikwenda kumlaza Mtoto Yesu horini kama ninavyofanya kila mwaka. Majani ya watoto wengine yalikuwa machache hayajai hata kiganja, na hayo nayo upepo ulikuwa umeyachukua. Uani kwangu majani makavu yalikuwa tele, ningeweza kubeba kapu zima. Niliinama nikaokota moja pale kando ya hori, nikatafuta ni la jambo gani jema, nikalitupa. Nikamlaza Yesu kwenye ubao mtupu.